Martin Luther na Theolojia ya Msalaba

Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, mwaka 1483. Mwezi Aprili 1518, akiwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, alitetea hoja zake mjini Heidelberg. Alifundisha kwamba Mungu hajulikani kwa fahari wala kwa matendo ya mwanadamu, bali katika mateso ya Kristo msalabani. Miongoni mwa wasikilizaji walikuwamo Martin Bucer na Johannes Brenz, ambao baadaye walieneza Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1521 Papa alimtenga na Kanisa, naye Kaisari akamwondolea ulinzi wa sheria. Uhai wake ukawa hatarini. Hata hivyo hakulikana fundisho hilo, bali alilihubiri hadi alipofariki Eisleben mwaka 1546. Mimbara ya Kilutheri isiyomhubiri Kristo aliyesulubiwa imeupoteza urithi huo.