AR-RAZI: TABIBU ALIYEANDIKA KOSA LAKE

Tunawaletea wanafunzi wetu wapenzi maisha ya tabibu mashuhuri, Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi. Wapo miongoni mwenu wanaotamani kuwa wauguzi na madaktari. Huko chuoni watafundishwa mapema kumuuliza mgonjwa hali yake, kumtazama vizuri, kumpima na kuandika walichokiona. Katika mambo hayo Ar-Razi alikuwa mwalimu wa walimu.

Kwanza tuondoe utata. Huyu si Imamu Fakhruddin Ar-Razi, mwenye tafsiri kubwa ya Qur'ani, aliyefariki mwaka 606 Hijria. Wote wawili wameitwa hivyo kwa nasaba ya mji wa Rayy, ambao leo uko pembezoni mwa Tehran, nchini Iran. Pia ieleweke kwamba katika falsafa tabibu huyu alikuwa na maoni ambayo wanazuoni wengi waliyapinga. Hapa tunachukua elimu yake ya tiba tu.

KUZALIWA NA KAZI YAKE

Alizaliwa Rayy karibu na mwaka 251 Hijria (865 Miladia). Wanahistoria wanaeleza kwamba hakuianza tiba akiwa kijana mdogo bali alipokuwa mtu mzima. Hata hivyo alijitahidi mpaka akawa mkuu wa hospitali ya mji wake, na baadaye akaongoza hospitali Baghdad.

Ibn An-Nadim, mwandishi wa Al-Fihrist, ameeleza jinsi darasa lake lilivyokuwa. Mzee alikaa katikati, wanafunzi wake wakamzunguka, nyuma yao wanafunzi wengine, na nyuma yao wengine tena. Mgonjwa akija alianza kueleza maradhi yake kwa wale wa nje. Wakishindwa aliwaendea wa safu ya pili, na wote wakishindwa ndipo Ar-Razi mwenyewe alipozungumza. Hivyo kila mwanafunzi alijifunza kwa kusikiliza watu wenye maumivu ya kweli, si kwa kusoma vitabu pekee.

Ameelezwa pia kuwa mkarimu na mwenye huruma kwa mafukara na wagonjwa, akiwapa posho na kuwauguza. Na hakuna aliyemtembelea ila alimkuta anaandika.

MGONJWA MWENYE HOMA

Katika maandishi yake kuna habari za wagonjwa wengi aliowatibu. Moja ni ya mtu aliyeitwa Abdallah bin Sawada.

Mtu huyu alikuwa akipatwa na homa isiyo na mpango. Mara ilimjia kila siku, mara iliruka siku moja, mara iliruka siku mbili. Kabla ya homa alitetemeka kidogo, na alikwenda haja ndogo mara nyingi. Ar-Razi alibaki kati ya mambo mawili: ama ni homa ya vipindi itakayotulia katika mpango mmoja, ama ni jipu katika figo. Hakukata shauri.

Haukupita muda mrefu mkojo ukatoka na usaha. Hapo jambo likawa wazi kwamba ugonjwa ulikuwa katika figo. Akampa dawa za kuongeza mkojo mpaka ukasafika, kisha dawa nyingine, na baada ya miezi kama miwili mgonjwa akapona.

Tabibu mwingine angeandika kwamba amemponya, akaishia hapo. Ar-Razi hakufanya hivyo. Aliandika kwamba mgonjwa hakumwambia kuwa akisimama huhisi uzito unaoning'inia kiunoni, na kwamba yeye tabibu alighafilika hakumuuliza. Alipokuja kumuuliza, baada ya usaha kutoka, mgonjwa alikubali kuwa alikuwa akiuhisi. Aliandika vilevile kwamba hakuwa na habari kuwa baba wa mgonjwa alikuwa na udhaifu wa kibofu. Hakuna aliyemlazimisha kuandika hayo. Mgonjwa alikuwa amepona, na siri ingebaki kwake.

NDUI NA SURUA

Ar-Razi aliandika kitabu maalumu juu ya ndui na surua, maradhi ambayo watu waliyachanganya. Alieleza dalili zinazotangulia vipele: maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na kichefuchefu na fadhaa huzidi katika surua. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa lugha nyingi. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ndui imekwisha duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa wa Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977. Surua bado ipo, na chanjo yake ipo.

Aliandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiye na tabibu karibu naye.

KUFARIKI KWAKE

Mwishoni mwa umri wake alipofuka macho. Alifariki Rayy, mwaka 313 Hijria (925 Miladia) kwa kauli mashuhuri. Karatasi alizoziacha zilikusanywa baada yake zikawa kitabu kikubwa, Al-Hawi, kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

MAFUNZO TUNAYOPATA

1. Mgonjwa hasemi yote. Wengine huona haya, wengine hawajui kuwa jambo hilo lina maana. Ni juu ya muuguzi kuuliza kwa upole: maumivu yako wapi, yalianza lini, haja inakwendaje, nyumbani nani amewahi kuugua hivi.

2. Siku hizi tuna vipimo vya joto na vya shinikizo la damu, ambavyo Ar-Razi hakuwa navyo. Lakini kipimo hakimuulizi mgonjwa kama kiuno chake ni kizito.

3. Kilichoonekana kiandikwe kama kilivyo, pamoja na kosa. Kosa lililofichwa litamdhuru mgonjwa mwingine. Kosa lililoandikwa huwa somo, na hili limekuwa somo kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atupe ujasiri wa kukiri tulipokosea. Amin.