Mwanafunzi wa Kiswahili wa Kenyatta aliyetwaa Tuzo ya Nobel

VIJANA wanaosomea sayansi ya siasa katika vyuo vikuu huulizwa na wazazi wao iwapo wanakusudia kuwa wabunge. Ralph Bunche, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka wa 1971, hakuwania kiti chochote, na hata hivyo elimu hiyo ilimfikisha mahali ambapo wanasiasa wengi hawafiki.

Alizaliwa Detroit, akafiwa na mama yake angali mdogo, akalelewa na nyanya yake mjini Los Angeles. Alijisomesha kwa kufanya vibarua vya usafi, na mwaka wa 1927 akafuzu wa kwanza katika darasa lake. Alipopata nafasi Harvard, watu weusi wa mji huo walimchangia dola 1,000 za safari na matumizi.

Mwaka wa 1934 alitunukiwa shahada ya uzamifu katika sayansi ya siasa, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata katika somo hilo. Utafiti wake haukufanywa maktabani pekee. Alisafiri hadi Togo na Dahomey, ambayo sasa ni Benin, kulinganisha namna Wafaransa walivyotawala, akabaini kwamba kwa mwananchi wa kawaida tofauti ilikuwa ndogo mno.

Kiu hiyo ya kujionea ndiyo iliyomleta kwetu. Akiwa London alifunzwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi mwenzake wa Profesa Malinowski. Mwaka wa 1938 alizuru Kenya kwa miezi kadhaa, akaishi miongoni mwa Wakikuyu, wakampa jina la Kariuki. Baadaye, katika Umoja wa Mataifa, aliongoza idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini, Tanganyika ikiwa mojawapo.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Septemba 17, 1948. Mpatanishi wa Palestina, Folke Bernadotte wa Uswidi, aliuawa kwa risasi mjini Jerusalem. Bunche alitarajiwa kuwa ndani ya gari hilo. Alicheleweshwa kwenye kizuizi cha barabarani. Akalazimika kuvaa viatu vya marehemu.

Mazungumzo yalianza Januari 1949 katika kisiwa cha Rhodes. Wajumbe wa Misri na Israeli hawakutaka hata kusalimiana. Bunche aliwatanguliza katika mambo madogo, kama vile ajenda, wazoee kuketi pamoja na kutia sahihi, kisha akawakesha usiku kucha wakibishana juu ya mipaka. Aliagiza sahani za ukumbusho, akawatania kwamba wasipoafikiana atawavunjia vichwani. Misri ilitia sahihi Februari 24, ikafuatwa na Lebanon, Jordan na Syria.

Nobel ya Amani ya mwaka wa 1950 ilimfanya mtu mweusi wa kwanza duniani kuipokea. Lakini mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekataa wadhifa mkubwa katika Wizara ya Mashauri ya Kigeni, kwa kuwa Washington ingali ilibagua weusi. Na mwaka wa 1959, licha ya tuzo hiyo, klabu moja ya tenisi jijini New York ilimnyima uanachama yeye na mwanawe kwa sababu ya rangi. Mwaka uliofuata alitumwa Congo, kutafuta amani ya wengine.