Eddie Shore: Beki aliyeponea chupuchupu kuitwa muuaji

KADI mbili ndogo, zilizouzwa pamoja na chingamu mnamo 1933 na 1934, hadi leo husakwa kwa udi na uvumba na wakusanyaji wa kumbukumbu za michezo Amerika Kaskazini. Moja ina sura ya Eddie Shore, nyingine ya Ace Bailey. Zote mbili zimo katika mkusanyiko mmoja wa kadi 48 za magwiji wa michezo, uliotolewa na kampuni ya Goudey ya mjini Boston, Marekani.

Shore, mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni, alizaliwa 1902 katika mkoa wa Saskatchewan, Kanada, na kulelewa shambani. Alijiunga na Boston Bruins mnamo 1926. Alikuwa beki, ila beki asiyengoja kushambuliwa. Januari 1929 aliachwa na treni, akasafiri kwa gari usiku kucha katika dhoruba ya theluji hadi Montreal, kisha akafunga bao la pekee la mechi. Timu yake ilimtoza faini vivyo hivyo.

Desemba 12, 1933, Bruins walipoikaribisha Toronto Maple Leafs, Shore aliangushwa na King Clancy. Alipoinuka, alimvamia Bailey kutoka nyuma. Wengi huamini alidhani ndiye Clancy. Bailey aliangukia kichwa, fuvu likapasuka. Papo hapo Red Horner wa Toronto alimtandika Shore ngumi moja iliyomzimisha.

Bailey alifanyiwa upasuaji mara mbili, na kwa siku kadhaa ilihofiwa angekata roho. Lau angefariki, huenda Shore angejipata kizimbani. Alifungiwa mechi 16. Bailey alipona, lakini hakucheza tena. Alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Februari 14, 1934, iliandaliwa mechi ya kumchangia Bailey jijini Toronto. Maple Leafs waliwalaza nyota wa timu nyingine 7-3, na zaidi ya dola 20,000 zikapatikana. Kabla ya mchezo, Bailey mwenyewe aliwakabidhi nyota hao fulana zao. Zamu ya Shore ilipofika, alimpa mkono, na uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe. Fulana za usiku huo sasa ni hazina kwa wakusanyaji.

Shore alishinda tuzo ya Hart ya mchezaji bora mara nne, tatu kati ya hizo baada ya mkasa huo. Hakuna beki mwingine aliyefikia idadi hiyo. Uzeeni hakulegea: akiwa mmiliki wa timu ya Springfield, aliwabana wachezaji hata wakagoma msimu wa 1966-67, mgomo uliochangia kuzaliwa kwa chama chao cha kutetea haki mnamo 1967.

Alifariki Machi 16, 1985. Bailey, ambaye namba 6 yake ilikuwa ya kwanza kustaafishwa katika ligi ya NHL, aliishi hadi 1992.