Jeanne Lanvin, Mshona Kofia wa Paris

Mama wa Raskazone amshoneapo binti yake gauni la sikukuu, huacha upindo mpana, maana ajua kuwa mtoto atakua. Kazi ya namna hiyo, iliyoanzishwa na mapenzi ya mama, ndiyo iliyompatia sifa mwanamke mmoja wa Ufaransa.

Jeanne Lanvin alizaliwa Paris tarehe 1 Januari 1867, naye alikuwa kifungua mimba katika watoto 11. Kwao hapakuwa na mali, hata alipotimiza miaka 13 ilimpasa kwenda kufanya kazi. Alitumwa kupeleka kofia katika nyumba za wateja. Magari ya abiria ya siku zile yalikokotwa na farasi. Lakini Jeanne hakupanda. Alikimbia nyuma ya gari, na nauli akaiweka akiba. Watu wakampa jina la utani kwa ajili ya mbio zile, wala yeye hakuona haya. Kisha akajifunza kushona kofia, na mwaka 1889 akafungua duka lake mwenyewe.

Mwaka 1897 alimzaa Marguerite, mtoto wake wa pekee. Zamani zile watoto wa matajiri walivikwa kama watu wazima waliofupishwa: nguo nzito, zenye kubana, zisizowaachia nafasi ya kucheza. Jeanne hakupenda mwanawe afungwe hivyo. Akamshonea nguo laini za rangi nzuri, akazitia tarizi. Wanawake waliokuja kununua kofia wakamwona mtoto, wakataka nguo za namna ile kwa watoto wao. Basi mwaka 1908, Marguerite alipokuwa na miaka 11, Jeanne akaanza kuuza nguo za watoto. Mwaka uliofuata akawashonea wasichana na mama zao pia. Kazi ikakua, ikawapa riziki mafundi mamia. Alama ya nyumba yake ikawa picha ya mama na binti wameshikana mikono.

Jeanne alifariki tarehe 6 Julai 1946, mwenye miaka 79, na Marguerite akaishika kazi ya mama yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Msichana aliyekimbia nyuma ya gari ili asitoe nauli alipata duka. Na mama aliyemtazama mtoto wake kwa makini aliona jambo ambalo mafundi wengi hawakuliona, ya kuwa mtoto ataka nguo ya kuchezea.