James Kirkman: Mzee Aliyefukua Mji Uliomezwa na Msitu Pale Gedi

Msee wa Sigalame, najua ushacheki kwa simu yako zile piramidi za Wamaya kule Guatemala, zimejificha ndani ya msitu, watalii wanapiga selfi juu yake. Fiti sana. Lakini sisi pia tuko na mji uliomezwa na msitu, na kuufikia huhitaji pasipoti. Unaitwa Gedi, uko Kilifi karibu na Watamu, kama kilomita 16 kabla ufike Malindi ukitoka Mombasa. Na kuna jamaa mmoja aliyeutoa chini ya mizizi: James Kirkman.

Kirkman alizaliwa Uingereza mwaka wa 1906. Si yeye alikuwa mzungu wa kwanza kuona Gedi. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza pale Zanzibar, alifika 1884 akatazama akaenda zake. Mwaka wa 1927 serikali ya mkoloni ikatambua magofu hayo kama mahali pa kihistoria. Kuchimba kwa mpangilio ndiyo haikuwa imefanyika. Mwaka wa 1948 Gedi ikafanywa mbuga ya kitaifa, na Kirkman akapewa kazi ya kuilinda. Akakaa hapo miaka 10.

Hebu piga picha. Kuta za mawe ya matumbawe zimesimama katikati ya msitu, miti imeota sebuleni mwa watu, mizizi imekumbatia milango, kima wanaruka juu ya msikiti. Watu walikuwa wamehama tangu miaka ya 1600. Wenyeji walijua pale kuna mizimu, na Kirkman mwenyewe baadaye aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna mtu anamchungulia nyuma ya kuta, si adui wala si rafiki. Mtu mwingine angeishia. Yeye akaendelea kuchimba.

Sasa utauliza, mtu anajuaje umri wa nyumba na hakuna aliyeandika? Hivi: tuseme unabomoa sakafu ya ploti hapa Busia, na chini ya simiti unapata simu ya mulika mwizi. Utajua tu hiyo simiti ilimwagwa baada ya simu hizo kuingia soko. Kirkman alitumia akili hiyo hiyo, lakini na vigae vya bakuli za Uchina na Uajemi. Mitindo ya bakuli ilikuwa inabadilika, kwa hivyo kila tabaka la udongo lilimwambia miaka yake. Akapata pia kaburi lenye tarehe imechongwa, ambayo kwa kalenda yetu ni 1399.

Nyumba nazo akazipa majina kulingana na kile alichopata ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Shanga ya Venice. Manze, hao watu walikuwa wanaishi! Walikuwa na vyoo ndani ya nyumba na mahali pa kunawia, visima virefu, jumba la mfalme na msikiti mkubwa. Huo wakati wote Ulaya wengi hawakuwa na hiyo luku.

Lakini hapa ndipo stori inakuwa noma. Mwaka wa 1954 Kirkman alitoa kitabu kuhusu Gedi, na kwenye jina lake akauita mji wa Waarabu. Aliona msikiti, akaona bakuli za ng'ambo, akaona wenye mji lazima walitoka ng'ambo. Wazungu wengi wa enzi hiyo walifikiri hivyo.

Wewe wa mpakani unajua hiyo hesabu haiingii. Ingia soko la Busia leo: ndizi za Uganda, vitenge vya Congo, simu za Uchina, mitumba kutoka kila pahali. Je, mama anayeuza hapo ni Mchina? Bidhaa zinasafiri, na mwenye duka anabaki mtu wa hapo. Gedi ilikuwa mji wa biashara, kama tu huku kwetu.

Wasomi waliokuja baadaye, wakiwemo Wakenya kama Chapurukha Kusimba na George Abungu, walionyesha kwamba miji ya pwani ilijengwa na Waswahili, Waafrika wa hapo hapo. Utafiti wa DNA wa mifupa ya miji mingine ya pwani, uliotoka 2023, ulipata kwamba mama zao kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika, na baba wengi walitoka upande wa Uajemi. Yaani wageni walikuja, wakaoa, wakakaa. Malaba na Busia familia ngapi ziko hivyo?

Lakini usimtupe mzee. Vigae alivyopanga na ramani alizochora ndizo hao wasomi walianzia. Alichimba pia Mnarani, Takwa na Ungwana. Halafu akaenda Fort Jesus, iliyokuwa jela hadi 1958, akaifanya makumbusho iliyofunguliwa 1960. Alistaafu 1972, akafariki 1989. Mwaka wa 2024 UNESCO ikaiweka Gedi kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Yale malori unayoona kwa foleni pale Malaba yanatoka upande huo huo wa pwani. Siku ukishuka Mombasa, ongeza kama kilomita 100 ufike Gedi. Tembea polepole kati ya kuta, chungulia kisima. Na mtu akikuambia mji huo ulijengwa na wageni, muulize bakuli ya nyumbani kwake ilitengenezwa wapi.