Barbara Kimenye na Wasomaji Wachanga

Marehemu Barbara Kimenye alizaliwa Halifax, Uingereza, mwaka wa 1929. Ndoa ilimleta Afrika Mashariki, naye akaifanya kwao. Mwaka wa 1965 alihamia Nairobi, akaandikia gazeti la Daily Nation. Enzi hizo, vitabu vingi vya watoto vilisimulia maisha ya Ulaya. Kimenye aliwaletea Moses, mvulana mtundu wa shule ya bweni nchini Uganda. Mtoto wa Nairobi akamjua jirani yake kabla ya kuvuka mpaka. Baadaye, jijini London, Kimenye alikuwa mshauri wa mahusiano ya jamii za rangi mbalimbali. Alifariki mwaka wa 2012. Mzaliwa wa ugenini aliwathibitishia watoto wa Afrika Mashariki kwamba utoto wao nao unastahili kitabu.