Piet Hein na mchezo ambao kujihami ni kujenga

Katika mtaa wa taasisi za Umoja wa Ulaya mjini Brussels, jirani na majengo ya Bunge la Ulaya, ipo bustani ya Léopold. Mwezi Oktoba mwaka 1927, katika taasisi ya fiziolojia iliyokuwa ndani ya bustani hiyo, walikutana baadhi ya wanafizikia wakubwa wa karne ya 20 kwa mkutano wa tano wa Solvay. Picha yao ya pamoja, yenye watu 29, ni miongoni mwa picha mashuhuri kabisa katika historia ya sayansi.

Mkutano huo ulikuwa pia uwanja wa mpambano. Albert Einstein aliishambulia nadharia mpya ya kwanta, na Niels Bohr wa Denmark akaitetea. Kila Einstein alipobuni mfano wa kuitia ufa nadharia hiyo, Bohr alitafuta jibu. Walipokabiliana tena mjini Brussels mwaka 1930, Bohr alimjibu kwa kutumia nadharia ya Einstein mwenyewe kuhusu nguvu ya mvutano. Silaha ya mshambuliaji iligeuka kuwa ngao ya mlinzi.

Piet Hein hakuwamo katika mikutano hiyo. Mwaka 1927 alikuwa kijana wa miaka 21 tu. Hata hivyo, wawili kati ya waliokaa katika bustani ya Léopold, Bohr na Werner Heisenberg, waliacha alama katika maisha yake, naye akaja kuwaachia walimwengu mchezo ambao ndani yake kushambulia na kujihami ni tendo moja.

Kati ya sanaa na sayansi

Hein alizaliwa mjini Copenhagen tarehe 16 Desemba mwaka 1905. Alisomea sanaa mjini Stockholm nchini Sweden, kisha akarejea nyumbani na kujifunza fizikia katika taasisi iliyoongozwa na Bohr, ambaye baadaye alikuwa rafiki yake na mshirika wake katika michezo ya kuchemsha bongo. Hakuwahi kukubali kwamba mshairi na mhandisi ni watu wawili tofauti.

Inasimuliwa kwamba siku moja, akimsikiliza Heisenberg akihutubia juu ya fizikia ya kwanta, mawazo yake yalihamia kwenye vipande vya mbao. Hapo ndipo ulipozaliwa mchemraba wa Soma: vipande saba visivyolingana, vilivyoundwa kwa vijimchemraba 27, ambavyo vikipangwa vizuri huwa mchemraba mmoja mkubwa.

Kalamu chini ya uvamizi

Tarehe 9 Aprili mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark, na serikali ya nchi hiyo ikasalimu amri siku hiyo hiyo. Kwa Hein hilo lilikuwa pigo la pekee, kwani alikuwa mstari wa mbele katika harakati za wasomi waliopinga ufashisti. Magazeti yaliendelea kuchapishwa, lakini chini ya jicho la mvamizi.

Mwaka huo huo, katika gazeti la Politiken, Hein alianza kuchapisha mashairi mafupi mno aliyoyaita gruk, akitumia jina la kubuni la Kumbel. Shairi la mwanzo lilizungumzia jambo dogo la nyumbani: mtu aliyepoteza glavu moja, akaitupa ya pili kwa uchungu, kisha akaiona ile ya kwanza. Hapakuwa na neno ambalo mkaguzi angeweza kulifuta. Wasomaji wa Denmark walielewa: nchi iliyopoteza uhuru wake isitupe na heshima yake, kwa maana uhuru huenda ukarudi.

Mhariri yeyote aliyewahi kufanya kazi chini ya watawala wakali anaijua njia hiyo. Anayemvaa mkaguzi uso kwa uso hufungiwa gazeti. Anayesimama mbali kidogo, mahali ambapo mkaguzi hakutazamia, huendelea kuandika. Gruk ziliendelea kuandikwa kwa miongo mingi baada ya vita, zikafikia maelfu.

Ubao wa pembe sita

Tarehe 26 Desemba mwaka 1942, uvamizi ukiwa bado unaendelea, Politiken liliwatangazia wasomaji wake mchezo mpya wa Hein ulioitwa Polygon. Asili yake ilikuwa hesabu, si siasa. Hein alikuwa akitafakari swali la kale la iwapo rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila nchi mbili zinazopakana kuwa na rangi moja.

Mchezo wenyewe una kanuni chache. Ubao una umbo la uru la karata, na kwa kawaida una vyumba 121, safu 11 kwa 11, kila chumba kikiwa na pembe sita. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja anamiliki kingo mbili zinazotazamana. Kwa zamu, kila mmoja huweka kete moja katika chumba kilicho wazi. Aliyetangulia kuunganisha kingo zake mbili kwa mlolongo wa kete zake ndiye mshindi.

Wachezaji wa bao, waliozoea kula kete za mpinzani na kuzisambaza mashimoni, wataona tofauti mara moja. Hapa hakuna kula wala kuhama. Kete ikishawekwa, imewekwa. Na hakuna sare kamwe: njia ya mmoja ikikamilika, ya mwingine imekatika, na njia pekee ya kumzuia mtu kabisa ni kukamilisha yako.

Ndiyo maana ulinzi katika mchezo huu ni elimu ya pekee. Mchezaji mgeni humwona mpinzani akisonga mbele, naye hukimbilia kuweka kete mbele ya pua yake. Hilo ni kosa, kwa sababu chumba cha pembe sita kina majirani sita, na anayezuiwa kwa karibu huzunguka pembeni na kuendelea. Mlinzi mzoefu husimama mbali, safu kadhaa mbele, ili apate nafasi ya kujibu upande wowote utakaochaguliwa.

Somo la pili ni daraja. Kete mbili zinaweza kutenganishwa na vyumba viwili vilivyo wazi, na bado zikahesabika kuwa zimeungana: mpinzani akiingia kimoja, mwenye daraja huchukua cha pili. Mlinzi hapotezi muda kulivunja daraja kwa pupa. Hulivamia pale tu ambapo kete ya uvamizi itamfaa pia mahali pengine.

Somo la tatu liko ukingoni. Mara nyingi wachezaji hujikuta wakiandamana sambamba na ukingo, mmoja akisukuma, mwingine akizuia, hatua kwa hatua kama watu wanaopanda ngazi. Ikiwa mshambuliaji ana kete yake huko mbele, ngazi itaifikia na ulinzi utaporomoka. Kwa hiyo anayejihami huitazama ngazi kabla haijaanza, na huweka mapema kete yenye kazi mbili: inafunga njia ya mwenzake na inafungua yake.

Jina jipya ng'ambo

Mwishoni mwa miaka ya 1940 John Nash, mwanahisabati kijana wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, aliubuni mchezo huo huo bila kujua habari za Hein. Nash alithibitisha kwamba anayeanza anaweza kushinda daima akicheza bila kosa, ingawa uthibitisho wake hauonyeshi njia ya kufanya hivyo. Ili kusawazisha, wachezaji wengi huruhusu wa pili kuichukua kete ya kwanza iwe yake. Mwaka 1952 kampuni ya Parker Brothers iliuuza mchezo huo kwa jina la Hex, nalo ndilo lililobaki.

Hein aliendelea na kazi nyingine. Wapangaji wa mji wa Stockholm walipohitaji umbo la uwanja wa Sergels torg mwaka 1959, aliwapa umbo lililo kati ya duaradufu na mstatili, ambalo baadaye lilitumika kutengenezea meza na vyombo. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Yale kilimtunukia shahada ya heshima. Alifariki dunia tarehe 17 Aprili mwaka 1996 katika kisiwa cha Funen, akiwa na umri wa miaka 90.

Mwaka 1981 ilithibitishwa kwamba Hex ikichezwa katika ubao wa ukubwa wowote ni miongoni mwa matatizo magumu mno kwa kompyuta. Kwa binadamu, penseli na karatasi vinatosha, kama vilivyowatosha wasomaji wa Politiken katika majira ya baridi ya mwaka 1942, ambao hatua ya kwanza katika nchi yao ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mwingine.